Jogoo aliyezidi: mwongozo kwa wafugaji wa kuku wa mji wa Lamu

Ukiatamisha mayai kumi na mawili na yote yakaanguliwa, tarajia majogoo sita. Pengine watakuwa wanne, pengine wanane, lakini mwaka hata mwaka hesabu hurudi pale pale, nusu kwa nusu. Kwenye shamba huko bara, Hindi au Mpeketoni, hilo halimsumbui mtu. Ndani ya mji wa Lamu ni jambo jingine. Mtaa wa Mkomani nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, kuna vichochoro visivyopisha punda wawili, na jogoo anayewika kiwandani mwako, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, saa kumi alfajiri anawika chumbani mwa jirani.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa mjini mwenye kuku watano, kumi au ishirini, ambaye tayari ana jogoo asiyemhitaji au atakuwa naye miezi michache ijayo. Msimamo wangu nausema mapema: jogoo aliyezidi ni amana ya yule aliyeatamisha yai. Si mzigo wa jirani, wala wa kichochoro, wala wa mtu wa bara atakayeshushiwa tenga asilolitarajia. Na uamuzi juu yake ufanywe kabla hajawika mara ya kwanza. Akishawika unaamua huku umeshikwa na aibu na haraka, na hapo ndipo majogoo hutupwa jaani.

Hatua ya 1: Jiulize kama unahitaji jogoo hata kidogo

Wengi mitaani bado wanaamini mtetea hatagi bila jogoo. Hutaga, na hutaga idadi ile ile. Kazi ya jogoo ni kutia mbegu tu, na kama huna nia ya vifaranga, mbegu hiyo haikufai kitu. Tena kwa joto letu yai lisilo na mbegu lina faida yake: haliwezi kuanza kukua likisahaulika siku mbili kwenye kiota chenye joto, kwa hiyo hukaa vizuri zaidi. Ukimtoa jogoo leo, usishangae mayai yakiendelea kuwa na mbegu kwa wiki mbili, hata tatu. Mtetea huihifadhi mwilini.

Kwa anayetaka mayai ya nyumbani peke yake, njia iliyo salama ni kununua matembe, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, wa miezi minne hivi, ambao jinsia yao haina shaka. Vifaranga wa siku moja wa kienyeji walioboreshwa kwa kawaida huuzwa mchanganyiko. Ukinunua ishirini umenunua majogoo kumi, na muuzaji hakukudanganya. Vifaranga wa kuku wa mayai wa kisasa ndio huuzwa wakiwa wamechaguliwa majike.

Ikiwa unaye kuku aliyeshika kuatamia na unataka vifaranga, hata hapo jogoo si lazima akae kwako. Omba mayai yenye mbegu kwa jamaa mwenye nafasi, Wiyoni au ng'ambo Mokowe, umwekee kuku wako. Lakini kabla ya kuyaweka, hesabu nafasi ya majogoo. Kama unajua utaweza kula, kuuza au kugawa mapora (majogoo wachanga) watatu, usiweke mayai kumi na tatu kwa sababu tu kuku anaweza kuyafunika. Weka sita. Andika tarehe kwa penseli juu ya kila yai, ili mayai mapya watakayoongeza kuku wengine uyajue na kuyatoa, maana ukiyaacha, na jogoo yuko karibu, baada ya siku ya ishirini na moja wataanguliwa wengine ambao hukuwapangia.

Msidanganyane kwa umbo la yai. Yai la ncha halitoi jogoo na la duara halitoi tembe. Kwa ndege ni mama anayebeba tofauti ya jinsia, na ganda halionyeshi chochote.

Hatua ya 2: Watambue mapema

Pora wa kienyeji huanza kuwika akiwa na miezi minne au mitano, na wako wanaojaribu wakiwa na mitatu. Wewe uwe umeshawajua wote wakiwa na wiki kumi na mbili, usije ukashtukizwa.

Anza kuangalia wiki ya sita mpaka ya nane. Upanga wa kichwani kwa pora hunyanyuka na kuwa mwekundu, na ndevu za chini ya mdomo hutangulia kukua, wakati wa tembe bado ni wa rangi ya manjano au waridi hafifu. Miguu ya pora ni minene na mirefu zaidi. Husimama wima kifua mbele, na wawili wakikutana hupimana vifua. Tabia hiyo ya mwisho usiitegemee sana, kwa sababu matembe nao hupimana.

Dalili ya kuaminika ni manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kuanzia wiki ya kumi hivi mpaka ya kumi na nne, pora hutoa hapo manyoya membamba, marefu, yenye ncha na yanayong'aa, yakaning'inia pande mbili. Ya tembe ni mapana na ncha zake ni za mviringo. Mshike kuku jioni akiwa ametulia, umpanue manyoya polepole kwa taa. Shingoni nako ni vivyo hivyo, ingawa kiunoni huonekana wazi zaidi.

Wenye kuchi wawe waangalifu. Kuchi ni kuku wetu wa siku nyingi hapa visiwani, warefu, wa shingo ndefu na manyoya machache, na upanga wao ni mdogo hata kwa jogoo mzima. Tembe wa kuchi naye husimama wima kama dume. Nimeona watu wakichinja matembe wazuri wa kuchi kwa kudhani ni mapora wakorofi. Kwa kuchi acha upanga, acha mkao, subiri manyoya ya kiunoni.

Ukishamtambua, mfunge kitambaa chembamba cha rangi mguuni, kilegee kidogo, na ukifungue upya kila wiki mbili kwa sababu mguu unakua. Uzi wa nailoni usiutumie, unakata nyama.

Hatua ya 3: Chagua anayebaki, kama yupo anayebaki

Jogoo mmoja anatosha mitetea minane mpaka kumi. Aliye na mitetea mitano akaweka majogoo wawili anawatesa mitetea wenyewe: hupandwa kutwa, manyoya ya mgongoni yakanyonyoka, ngozi ikachanika. Nyumba ya mjini, kwa maoni yangu, isiwe na zaidi ya jogoo mmoja, na nyingi hazihitaji hata huyo.

Watu huchagua kwa ukubwa na rangi. Mimi ningeanza na tabia. Kiwanda ndicho wanapochezea watoto, na jogoo anayerukia miguu ya mtoto kwa kipi, ule mwiba wa mguuni mwake, anaweza kumtoboa jicho. Huyo hata awe mzuri vipi asibaki, na asitolewe mbegu pia. Halafu tazama ukoo wake. Akiwa amezaliwa na mitetea wako hao hao, usimweke awapande mama na dada zake, maana vizazi hudhoofika, mayai huanguliwa machache, vifaranga hufa. Wa kubaki atoke nje, na wako aende kwingine. Hapo ndipo mabadilishano yanapofaa, nitayafikia.

Hatua ya 4: Nenda kwa jirani kabla jirani hajaja

Hapa ndipo wafugaji wengi tunapokwama, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Mtume (S.A.W.) alikataza kumtukana jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa sala, na alitufundisha tumsikiapo akiwika tumuombe Mwenyezi Mungu fadhila zake. Kila mfugaji wa Lamu anaijua hadithi hiyo. Ninachosikitika ni kuona wengine wakiifanya jibu la kumnyamazishia jirani: jogoo asemwe nini, na yeye anaamsha waja? Mtume huyo huyo alisema Jibrili aliendelea kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Jirani anayelalamika hamtukani jogoo. Ana mgonjwa, au ana mtoto mchanga, au amerudi baharini usiku wa manane. Haki yake iko palepale.

Ramadhani ndiyo iangaliwe zaidi. Watu hukesha, wakala daku, wakasali alfajiri, kisha usingizi wao wote ni ule wa asubuhi. Jogoo hana kalenda. Panga majogoo waliozidi waondoke Shaabani, kabla mwezi haujaandama, na wewe mwenyewe utafunga kwa utulivu. Shela kuna nyumba za wageni, na huko mgeni aliyelipa kitanda hamwambii mwenye jogoo. Humwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye atakayekugongea mlango.

Nenda mapema, mlangoni, bila kutuma mtoto. Maneno yawe mafupi na yawe na ahadi ya siku. Kwa mfano, kwa mzee wa nyumba ya pili:

"Hodi, Ami. Nimekuja kwa habari ya kuku. Nina mapora wawili wameanza kuwika, na najua chumba chako kiko upande wangu. Kunradhi. Mmoja anaondoka Ijumaa hii, wa pili ndani ya mwezi. Wakikusumbua niambie, usinistahi."

"Mimi, mwanangu, naamka kabla yao. Kamuulize mkaza mwanangu hapo juu, yeye ndiye mwenye mtoto mchanga."

Ukaenda huko juu. Sauti hupanda, na kiwanda kilicho wazi juu huipeleka ghorofani kuliko inavyokwenda pembeni, kwa hiyo wa kuumia zaidi si lazima awe wa mlango unaopakana na wako. Uliza na wenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, na nyumba ya nyuma ambayo mlango wake uko mtaa mwingine. Ahadi uliyoitoa iandike. Ijumaa ikifika na pora bado yupo, jirani hatakuamini tena juu ya kuku wala juu ya jambo jingine.

Mambo yakishindikana, mzee wa mtaa au imamu wa msikiti wa karibu hutosha mara nyingi. Juu yao kuna sheria, na si vibaya uijue. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero za umma, na pia mambo ya wanyama. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamwezesha afisa wa afya kuagiza kero iondolewe. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zipo nazo. Jirani akifika huko ana pa kusimama, nawe huna. Na kabla ya kupigilia banda juu ya dari katika Mji wa Kale, uliza kwanza. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2001 na ujenzi ndani yake una utaratibu.

Hatua ya 5: Punguza kelele za usiku wakati ukisubiri

Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kabla ya mapambazuko kwa saa iliyo mwilini mwake. Waliowekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika waliendelea kuwika kwa saa zao. Mwanga na sauti za majogoo wengine humchochea, lakini hata bila hivyo atawika. Mwaka 2015 watafiti hao wakaonyesha la pili: penye majogoo kadhaa, mkubwa wao kwa cheo ndiye huanza, wengine humfuata kwa mpangilio wa ukubwa wao, na mkubwa akiondolewa, anayemfuata huchukua nafasi. Hayo mawili yanatufundisha mambo ya kazi. Giza peke yake halimnyamazishi. Na kumwondoa yule mwenye sauti kubwa ukabakisha wanne hakukupatii usiku wa kimya, kwa sababu wa pili ataanza yeye.

Kinachosaidia ni kuta. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene. Jogoo akilala chumba cha ndani cha chini, mlango umefungwa, sauti inayotoka nje hupungua sana kuliko akilala kiwandani au darini. Mwingize magharibi, mtoe jua likishachomoza. Chumba kiwe na tundu la hewa lisilotazama dirisha la mtu. Wengine humlaza kwenye tenga fupi lenye kifuniko, ili asimame lakini asiweze kunyoosha shingo, maana jogoo huwika kwa kunyoosha shingo. Kwa usiku tu, na hewa ikipita pande zote, njia hiyo hupunguza sauti. Haiimalizi. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto halishuki hata usiku, usimfungie kwenye sanduku la mbao au katoni.

Sasa nisemalo hapa nalisema kwa uchungu. Usimfunge jogoo mdomo kwa mpira. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na akifungwa mdomo kwa joto letu hufa, tena kwa mateso. Kitambaa cha kubana shingo nacho humkaba akila punje ikashindwa kupita. Usimwache amefungwa kamba darini kutwa bila kivuli na maji. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo, lakini hata isingekuwepo, huyu ni kiumbe uliyemleta wewe duniani.

Kuhasi jogoo si kazi ya nyumbani. Viungo vyake viko ndani ya mwili, kwa hiyo ni upasuaji, wala si kama wa mbuzi.

Hatua ya 6: Mtoe, na umtoe vizuri

Kila wiki unayoahirisha ina gharama. Kuku mzima hula gramu 100 mpaka 120 za chakula kwa siku. Majogoo kumi hula zaidi ya kilo moja kila siku, na mfuko wa kilo 50 huisha katika mwezi mmoja na nusu. Lamu chakula hicho kimevuka maji kwa boti, kikabebwa na punda au mkokoteni, na kila mkono umeongeza bei. Majogoo hao hawatagi. Wakishafika uzito, unalisha hasara.

Njia iliyo fupi ni jikoni kwako. Pora wa miezi minne au mitano nyama yake bado ni laini, ndiye wa kuchoma na kupaka. Jogoo wa mwaka ni wa supu au mchuzi wa moto mdogo. Ikiwa umempa dawa, soma kibandiko na usubiri siku zilizoandikwa kabla ya kumla, hata kama mgeni ameshafika. Jioni ya kuamkia siku yenyewe mnyime chakula, maji mwachie, utumbo uwe mtupu.

Kuchinja kuna adabu zake nasi tumezikuta. Kisu kinolewe vizuri, na kisinolewe mbele yake. Asichinjwe mmoja mwingine akitazama. Mlaze, taja jina la Mwenyezi Mungu, kata koo, umio na mishipa ya damu kwa mkupuo, umwache damu itoke na atulie kabisa kabla ya kumtia maji. Wasiojua waombe anayejua. Mtoto asifundishwe kwa kuku aliye hai anayepapatika mikononi mwake, aanze kwa kutazama. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto yasiyochemka, maana ya kuchemka huivisha ngozi ikachunika pamoja na manyoya.

Jogoo mkubwa usimtie chunguni saa ile ile. Mwache kwenye friji mpaka kesho yake, misuli ilegee. Kisha mpake papai bichi lililosagwa na tangawizi, saa moja tu, akizidi hapo nyama huwa unga. Moto mdogo, saa mbili mpaka tatu. Tui jepesi ndilo la kupikia, kasimile, yaani tui zito, weka mwisho chungu kikiwa karibu kushuka, lisije likakatika. Supu ya jogoo hivyo, na ndimu na pilipili, huwezi kuifananisha na ya kuku wa kufungiwa wa wiki sita.

Manyoya na matumbo usiyatie mtaroni. Mitaro yetu hupita milangoni mwa watu kuelekea baharini, na paka watayatawanya kabla ya adhuhuri. Yafukie, au yafunge yaende na taka.

Njia ya pili ni kuuza. Wateja wa majogoo wapo, lakini hawapo kila mwezi. Siku za Idi, Maulidi, msimu wa harusi na mwisho wa mwaka, jogoo aliyenona hupata bei ambayo mwezi mwingine hungeipata. Hesabu nyuma: ukitaka pora wa miezi mitano kwa Idi, mayai yaatamishwe karibu miezi sita kabla. Hivyo majogoo wanakuwa mazao, badala ya kuwa mabaki. Wapishi wa harusi na wenye mikahawa hununua wengi kwa mkupuo, na kwao ni afadhali uwaahidi mapema idadi ndogo ukaitimiza. Uza aliye mzima tu. Kuku aliyelegea, mwenye kinyesi cha kijani au shingo iliyopinda anaweza kuwa na kideri, na kumpeleka sokoni ni kuupeleka ugonjwa kwenye kila nyumba.

Njia ya tatu ni kumpa mtu, na hapa nina neno na wanaodhani sadaka haina maswali. Usimpeleke jogoo shambani kwa mtu kabla ya kumuuliza kama ana mitetea wa kutosha, kama tayari ana jogoo, na kama ana banda la kufunga usiku. Jogoo wa mjini aliyelelewa kiwandani hajui nguchiro wala fungo. Akiachwa alale juu ya ua, usiku wa pili hayupo. Na ukubali moyoni kwamba ukishatoa, mwenyewe anaweza kumchinja. Kama hilo linakuuma, mchinje wewe kwa mkono wako mwema, au tafuta mfugaji.

Kwa jogoo wa kuchi kumtafuta mfugaji kunastahili taabu. Kuchi asiyechanganywa anapungua kwa kadiri watu wanavyoleta mbegu za kisasa, na wenye kutaka mbegu yake wako hapa na wako Malindi. Muulize mnunuzi ana mitetea wangapi wa kuchi. Asipokuwa na jibu, ila anakagua vipi vya miguuni na kumchokoza jogoo arushe mguu, huyo anatafuta wa kupiganisha. Kupiganisha wanyama ni kosa chini ya hiyo Sura ya 360, na ni dhambi iliyo wazi. Usimuuzie hata akiongeza bei.

Mabadilishano ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Wewe unampa pora wako mtu ambaye kuku wake si wa ukoo mmoja na wako, naye anakupa wake, damu mpya inaingia pande zote na hakuna aliyetoa shilingi. Atakayeingia mtenge wiki mbili au tatu kabla ya kumchanganya na wenzake, chombo chake cha maji kiwe mbali, na umhudumie wa mwisho kila siku. Chanjo ya kideri ile ya tone la jicho, inayovumilia joto, hurudiwa kila miezi mitatu. Wapate kuku wote, anayetoka na anayebaki.

Safari ifanywe mapema asubuhi. Tumia tenga pana lenye hewa, majani makavu chini, mapora wasiojuana wasichanganywe wakadonoana. Kuwaning'iniza miguu juu vichwa chini kutoka nyumbani mpaka gatini, kisha botini mpaka Mokowe, kisha garini mpaka Mpeketoni, ni mateso ambayo hakuna anayenufaika nayo, na wengine hufika wamekufa. Pita kwanza ofisi ya mifugo uulize kuhusu cheti cha kusafirisha, hasa kunapokuwa na habari ya ugonjwa.

Kwa ndugu zetu wa Malindi, viwanja ni vipana zaidi na gari linafika mlangoni, kwa hiyo kuuza na kusafirisha ni rahisi. Lakini upana huo huwapa watu tamaa ya kumfungulia jogoo aende zake, porini au kwenye shamba lisilo na mwenyewe. Msifanye hivyo. Jogoo wa kufugwa hawi wa mwituni. Ataliwa na kenge, au atasogea banda la mtu mwingine na kupeleka ugonjwa. Nasi wa Lamu, mtu asimvushe jogoo wake kisiwani Manda akamwacha ufuoni.

Ukimkuta jogoo asiye na mwenyewe

Siku moja utamkuta amesimama kwenye daka lako, hapo mbele ya mlango, na mtaa mzima watasema si wao. Usimwingize kwa kuku wako. Mweke tengani peke yake, mpe maji na punje, na umtazame kinyesi na macho kwa siku kadhaa. Watangazie watu wa barazani na msikitini, eleza rangi ya manyoya tu, na uache mdai mwenyewe aseme alama nyingine: kitambaa mguuni, kidole kilichokatika, kipi kilichopinda. Akitaja sawa mpe. Usimchinje wala usimuuze kwa sababu wiki imepita. Muulize imamu muda wa kutangaza na hukumu ya mali iliyookotwa, na gharama ya chakula andika, kwani mwenyewe akijitokeza ana haki ya kuijua. Kitambaa cha mguuni mwake kikiwa ni cha jirani aliyeshindwa kumtoa vizuri, mpelekee jioni, mlangoni, mkiwa wawili peke yenu, na umweleze njia ya mabadilishano.